Vifaru vya mezani: maswali yenu na majibu

Tangu niseme hapa kwamba nimeanza kuunda kifaru cha T-55 cha plastiki, barua zenu hazijakoma. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo. Niko kidato cha nne, Morogoro. Anayeanza anunue ukubwa gani, 1/35 au 1/72?

Marahaba. Chukua 1/35. Bodi ya T-55 halisi ina urefu wa mita 6.45 bila mzinga. Gawa kwa 35 unapata sentimita 18 na ushee, kifaru kinalala vizuri juu ya daftari lako. Kwa 1/72 kinabaki sentimita 9, na taa za mbele utazishika kwa kibano huku umezuia pumzi.

Hiyo 35 yenyewe haina siri ya kihandisi. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilipounda modeli yake ya Panther, kifaru cha Kijerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitaka kifaru kitembee kwa mota. Wakapima bodi itakayoweza kumeza betri, na hesabu ikaangukia hapo. Watengenezaji wengi wakafuata.

Nimebandika vioo vya taa kwa supagluu. Asubuhi nimekuta vimeingia ukungu mweupe. Nimeharibu?

Hujaharibu sana. Ni mvuke wa gundi ulioganda juu ya plastiki. Sugua taratibu kwa dawa ya meno na kitambaa laini, mwingi utatoka. Siku nyingine vioo bandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani. Plastiki kwa plastiki tumia gundi ya modeli, ile nyepesi kama maji: inayeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Supagluu iachie vipande vya chuma.

Mimi ni mstaafu, Bukoba. Mjukuu ameniletea boksi la T-55 kutoka Muscat. Nataka kiwe kama vile vya JWTZ vilivyopita kwetu kwenda Mutukula wakati wa vita vya Kagera. Kitafaa?

Shikamoo mzee. Kitafaa, ila kina kazi. Vile vya JWTZ vilikuwa Type 59, ambavyo China iliviunda kwa kufuata T-54A ya Kirusi. Hivyo na T-55 ni ndugu wa baba mmoja: magurudumu matano kila upande, mzinga wa milimita 100, kichwa cha mviringo kama bakuli lililofunikwa. Tofauti inayoonekana haraka iko juu ya kichwa, upande wa kulia kwa mbele. T-54 na Type 59 zina kinundu cha feni ya kutolea moshi. T-55 haina, pako laini. Kinundu hicho nilikipata kwenye pakiti ya vidonge: nilikata kijumba kimoja, nikakijaza ndani gundi ya kuchanganya mbili, nikakibandika na kusawazisha kingo kwa msasa laini. Chagua kidonge kinacholingana na picha, maana pakiti zinatofautiana. Juu ongeza bunduki ya milimita 12.7 kama boksi lako halina.

Usipotaka shida hiyo, T-55 iache ilivyo uifanye ya upande wa pili. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walifika Lukaya mwezi Machi 1979 na vifaru vya jamii hiyo. Lakini sidhani mzee utataka kuweka hicho sebuleni.

Jambo moja usilipite: mnyororo. Familia hii haina vigurudumu vidogo vya kuubeba kwa juu, kwa hiyo chuma kile kizito hulala chenyewe juu ya magurudumu makubwa. Minyororo ya boksi ikiwa ya mpira itabaki imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na kifaru chote kitaonekana chepesi. Tia tone la gundi juu ya kila gurudumu, bonyeza mnyororo kwa kijiti mpaka ushike. Kati ya gurudumu la kwanza na la pili pana pengo kubwa kuliko mengine. Hapo uache ubonyee zaidi.

Rangi ni kijani tupu, bila mabaka. Tope nakuachia wewe, uliliona kwa macho.

Sina kompresa wala bunduki ndogo ya kupulizia rangi. Brashi inaacha michirizi. Nifanyeje? (Wameuliza watu wanne, wawili wa Tanga.)

Rangi yako ni nzito. Kwanza osha vipande kwa maji ya sabuni, kwa sababu vinatoka kiwandani na mafuta yanayokataa rangi. Kisha praima ya kopo, ile rangi ya chini ya kushikiza. Rangi ya akriliki iongezee maji au thina yake mpaka iwe kama maziwa, paka kwa brashi bapa kuelekea upande mmoja, usirudi ulikopita. Koti la kwanza litakukatisha tamaa, plastiki itaonekana kabisa. Acha likauke. La tatu au la nne ndilo linalofunika. Kijani cha kopo kichanganye na tone la njano au kijivu. Kitu kidogo kikipakwa rangi kamili ya kitu kikubwa huonekana cheusi.

Nyie wa Tanga, na pwani nzima: vanishi ya kopo msipulize siku ya mvua. Unyevu unaingia kwenye vanishi na kifaru kinapauka kama kimemwagiwa unga. Nilipoteza lori zima hivyo, wiki ya pili ya masika, kwa haraka zangu.

Vumbi la kukipaka kifaru nichote la barabarani?

Rangi yake ndiyo, punje zake hapana. Chembe ya mchanga ya milimita moja, kwenye 1/35, ni kokoto ya sentimita tatu na nusu. Mimi nasaga kipande cha tofali la kuchoma, nachekecha kwa soksi ya nailoni, nachanganya na unga wa chaki. Napaka kwa brashi kavu, nyingi chini kwenye magurudumu, kidogo pale askari wanapokanyaga wakipanda. Juu ya kichwa sitii, mvua inapaosha. Kwa tope, mchanganyiko huohuo na gundi nyeupe, likiwa limegandia nyuma zaidi: kwenye T-55 meno yanayovuta mnyororo yako nyuma. Vaa barakoa unaposaga, vumbi la tofali si la kuvuta.

Mume wangu anapaka rangi vifaru vyake chumbani tunapolala. Thina inaniumiza kichwa, naye anasema nitazoea.

Hutazoea dada, na wala hutakiwi kuzoea. Meza ihamie barazani leo, kazi ya thina ifanyike penye upepo tu, na makopo yalale nje ya chumba. Akigoma, mfichie kibano.