Maswali ya Wasomaji: Kwa nini kifo cha mtu mmoja huwasha mji mzima?

SWALI: Mhariri, nilipoona picha za Minneapolis mwaka 2020, baada ya George Floyd kufia mikononi mwa polisi, nilijiuliza inakuwaje kifo cha mtu mmoja kiwashe mji mzima. Nilishindwa pia kuelewa kwa nini watu wenye hasira na polisi wachome maduka ya mitaa yao wenyewe. Naomba unieleze chimbuko la ghasia za namna hii nchini Marekani.

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanzia Chicago, Jumapili ya tarehe 27 Julai 1919. Eugene Williams, kijana Mweusi wa miaka 17, alikuwa akielea na wenzake katika Ziwa Michigan juu ya chelezo walichojiundia wenyewe. Hapakuwa na sheria iliyougawa ufuo ule, lakini kila mtu alijua Weusi wanaishia wapi na Wazungu wanaanzia wapi. Chelezo kikauvuka mpaka huo usioonekana, Mzungu mmoja aliyekuwa ufuoni akavurumisha mawe, na kijana akafa maji. Mashuhuda walimwonyesha askari polisi mtu aliyerusha mawe hayo. Askari akakataa kumkamata, kisha muda mfupi baadaye akamtia mbaroni Mweusi mmoja kwa malalamiko ya Mzungu. Katika siku zilizofuata waliuawa watu 38, Weusi 23 na Wazungu 15, na familia zipatazo 1,000, nyingi zikiwa za Weusi, zikabaki bila makazi.

Naomba uangalie ni wapi hasa moto ulipowaka. Kifo kilikuwa kibaya, lakini kilichouvuruga mji ni kule kukataa kwa askari, kwa sababu mbele ya umati ule kulithibitisha jambo ambalo Weusi walikuwa wakilishuku siku zote, kwamba sheria haikuwekwa kwa ajili yao. Ndiyo maana baadaye hata uvumi ulitosha. Huko Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, mwaka 1935, kijana aliyekamatwa dukani kwa kuiba kisu kidogo aliachiwa akiwa salama, lakini watu waliamini ameuawa, na gari la kubebea maiti lililoegeshwa karibu na hapo kwa sadfa tu likawahakikishia. Huko Newark mwaka 1967, dereva wa teksi aliyepigwa na polisi alidhaniwa amekufa, ilhali alikuwa hai. Habari zote mbili zilikuwa za uongo, ila waliozisadiki walikuwa na sababu za kuzisadiki.

Kuhusu kuchoma mitaa yao wenyewe, ni vizuri kukumbuka kwanza kwamba haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika ghasia za mwanzoni mwa karne ya 20 ni makundi ya Wazungu yaliyovamia makazi ya Weusi, na mfano mkubwa ni Greenwood, mtaa wa Weusi wenye biashara zilizostawi mjini Tulsa, ulioteketezwa mwaka 1921. Sura hiyo ilibadilika katika miaka ya 1960, na hapo ndipo neno «yao» linapohitaji kuchunguzwa.

Kuanzia miaka ya 1930, mashirika ya serikali kuu yalichora ramani za miji na kuyapaka rangi nyekundu maeneo yaliyohesabiwa kuwa hatari kwa mikopo, na pale walipoishi Weusi palipakwa nyekundu karibu kila mara. Hati za nyumba nyingi kwingineko zilikuwa na sharti la kutomuuzia Mweusi, na ni mwaka 1948 tu ndipo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipozizuia mahakama kulitekeleza sharti hilo. Mjini Detroit, barabara ya Hastings, iliyokuwa kitovu cha biashara na muziki wa Weusi, ilibomolewa ili kupisha barabara kuu ya magari, na wengi wa waliohamishwa wakasongamana karibu na barabara ya 12. Waliishi hapo, lakini majengo na maduka mengi yalimilikiwa na watu waliokaa mbali.

Ni kwenye barabara hiyo ya 12 ambapo alfajiri ya tarehe 23 Julai 1967 polisi, karibu wote Wazungu, walivamia kilabu cha pombe kisicho na leseni wakitarajia kukuta watu wachache. Walikuta 82, waliokuwa wakisherehekea kurejea kwa wanajeshi wawili kutoka Vietnam. Waliwakamata wote, na kuwasafirisha kulichukua muda, umati ukakusanyika, chupa ikarushwa. Hatimaye walikufa watu 43 na zaidi ya 7,000 wakakamatwa. Sidai kwamba walioshika viberiti walikuwa wakifikiria ramani; baadhi ya Weusi wenye maduka waliandika kwenye madirisha kwamba nao ni ndugu, na bado wapo waliochomewa.

SWALI: Je, serikali yao haikuwahi kuchunguza sababu?

JIBU: Ilichunguza, tena mara nyingi. Tume ya Kerner, iliyoundwa na Rais Lyndon Johnson mwezi huohuo wa Julai 1967, ilikuta kwamba miongoni mwa malalamiko mazito kuliko yote ni mwenendo wa polisi, ukosefu wa kazi na makazi duni. Mwanasaikolojia Kenneth Clark aliiambia tume hiyo kwamba kusoma ripoti ya Chicago ya 1919, kisha za Harlem za 1935 na 1943, kisha ya Watts, mtaa wa Los Angeles, ya 1965, ni kama kutazama filamu ileile ikirudiwa, yenye uchambuzi uleule, mapendekezo yaleyale na uzembe uleule.

Clark alikufa mwaka 2005, kwa hiyo hakuisoma ripoti ya Wizara ya Sheria kuhusu mji wa Ferguson, jimboni Missouri, iliyotolewa Machi 2015 baada ya kijana Michael Brown kupigwa risasi na polisi. Humo wachunguzi walieleza jinsi mji ulivyowatumia polisi na mahakama kujipatia mapato kwa faini, wakamtaja mwanamke Mweusi aliyeegesha gari vibaya mara moja mwaka 2007 na kutozwa dola 151 pamoja na ada. Alishindwa kulipa kwa wakati na kukosa kufika mahakamani, akaongezewa faini, akalala rumande siku sita. Kufikia Desemba 2014 alikuwa amekwishalipa dola 550, na alikuwa bado anadaiwa dola 541.