Nenda Kwake Kabla Hujaenda kwa Wengine

"Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Mstari huu, Mathayo 18:15, umehubiriwa Dar es Salaam yote, lakini wanaoufuata ni wachache mno. Tukikwazwa tunaanza kwa shoga au rafiki, tunapita kwa mama mchungaji, tunatuma ombi la maombi kwenye kundi la WhatsApp bila kutaja jina na kila mtu anajua anayesemwa ni nani. Halafu tunaweka mstari wa Zaburi kwenye status, na ni kijembe kitupu. Aliyetukosea anakuwa wa mwisho kujua, na siku anapojua anakuta ameshahukumiwa.

Naandika haya kwa sababu yalinipata, na inaniuma kuona kwaya na jumuiya zikivunjika kwa mambo ambayo yangeisha jioni moja.

Jumuiya yetu iko Tabata. Tulifiwa, na mimi ndiye niliyekuwa mtunza hazina, nikapokea michango ya msiba. Baada ya mazishi nikasikia kwamba dada mmoja ninayeimba naye kwaya anasema hela nimezila. Lilinichoma. Ukishaitwa mla rambirambi, jina hilo linakufuata mpaka kwenye kamati ya harusi ya mwanao.

Sikumwandikia ujumbe. Maneno "naomba tuongee" yakisomwa usiku na mtu mwenye wasiwasi ni ugomvi mpya. Nikampigia simu, nikamsalimia, nikamwomba tubaki kidogo baada ya mazoezi. Kumfuata nyumbani kwake sikutaka: angekuwa mwenyeji, angeagiza soda, watoto wangepita, wifi angekaa sebuleni, na lile lililonipeleka lingenishinda kulisema. Tukakaa benchi la nyuma kanisani, wenzetu wakikunja nyaya za spika. Nikamwambia, "Dada, nimesikia neno juu yangu na hela za msiba. Nimeona nije kwako kwanza."

Akajibu, "Nani kakuambia?"

Hapo ndipo mazungumzo mengi ya kupatana yanapofia. Ukimtaja tu aliyekuletea habari, kesi inahama, mnaanza kumjadili mtu wa tatu ambaye hayupo, na kesho naye anakuwa adui. Nilimwambia jina sitataja. Kama hakusema, aseme tu kwamba hakusema, nami nitamwamini.

Akanyamaza. Kisha akatoa simu akanionyesha orodha ya michango kwenye kundi. Alikuwa amejumlisha majina yote, akalinganisha na kiasi kilichotangazwa msibani, akaona pengo. Orodha ile ilichanganya ahadi na taslimu: waliolipa waliwekewa tiki, wengine walibaki na kiasi walichoahidi tu. Nikafungua daftari, tukapitia jina kwa jina, hadi makato ya kutolea hela kwenye simu. Hesabu ikakaa. Alichonikosea ni kuitangaza kwa watu kabla ya kuniuliza mimi mwenye daftari.

Aliomba msamaha huku analia, nikamsamehe. Kisha nikamwomba kitu kimoja: alisahihishe pale pale alipolisemea. Wapo wanaoona kudai hivyo ni kutosamehe. Sikubaliani nao. Zakayo alipotubu alitaja na kiasi, kwamba aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne (Luka 19:8). Msamaha niliotoa benchini haukuwafikia wale waliokwisha kuniona mwizi. Jumamosi iliyofuata, kwenye jumuiya, alisimama akasema kwa maneno machache kwamba alinisingizia. Najua ilimgharimu, na tangu siku ile namheshimu.

Urafiki wa zamani haujarudi wote. Tunasalimiana vizuri, tunaimba pamoja, tunaombeana, ila siri zangu bado simpelekei. Kusamehe niliweza siku ile ile, kwa sababu kulikuwa juu yangu. Kuaminiana kunahitaji watu wawili na muda. Hata Paulo na Barnaba walitengana kwa ajili ya Marko, ambaye Paulo hakutaka kusafiri naye tena kwa kuwa aliwahi kuwaacha (Matendo 15), na ni baadaye sana, katika 2 Timotheo 4:11, Paulo anaagiza Marko aletwe kwa kuwa anamfaa kwa utumishi.

Msikubali pia kuambiwa "yaishe tu, ni jambo dogo." Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite, na kombe likifunuliwa uchungu unakuwa umeiva. Katika mfano wa mdeni asiyesamehe, mtumwa aliyesamehewa na mfalme deni la talanta 10,000 alikuwa anamdai mwenzake dinari 100. Wahubiri wengi huziita vijisenti, lakini katika Mathayo 20 kibarua analipwa dinari moja kwa siku. Basi hizo ni kazi ya zaidi ya miezi mitatu! Bwana Yesu hakusema deni la mwenzako ni dogo. Aliliweka mbele ya talanta 10,000 ambazo wewe umesamehewa.

Akikataa kukusikia, chukua mtu mmoja au wawili. Tafuta mzee ambaye hata yeye anamheshimu. Ukienda na dada yako wa damu umekwenda na jeshi. Na kama kilichotendeka ni kipigo, ubakaji au mtoto kudhuriwa, usimpeleke mtu akakae peke yake na aliyemuumiza kwa jina la Mathayo 18. Nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa habari za mtoto, piga 116.

Sasa wewe uliyekosea. Mathayo 5:23-24 inasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, ukapatane naye kwanza. Maneno hayo yalisemwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100. Ni kama kuambiwa utembee kwa miguu kutoka Dar mpaka Chalinze, umpate ndugu yako, ndipo urudi. Sisi mtu yuko Mbagala, nauli ipo, na bado tunasubiri tukutane naye kwa bahati kwenye sendoff.

Ukimfikia, usimwambie "kama kuna mahali nimekukwaza, unisamehe." Sentensi hiyo tunaitumia sana kila inapokaribia Meza ya Bwana au mwaka mpya, na inamwachia aliyeumia kazi ya kutafuta kosa lako. Litaje wewe: "Nilisema umekula hela za msiba, nikasema mbele ya fulani na fulani, na haikuwa kweli. Naomba unisamehe." Kisha nyamaza, umwache ajibu kwa wakati wake, hata kama hatajibu siku hiyo.