Nimlipe kiasi gani binti wa jirani anayemfundisha mwanangu hisabati?

Assalaam aleikum, mama.

Mimi ni mama wa watoto 3, nakaa Tudor, Mombasa, na nauza nguo za mitumba katika soko la Kongowea. Mwanangu wa kwanza yuko Gredi ya 8, na hisabati ilikuwa imemshinda kabisa. Jirani yangu wa ukuta mmoja ana binti wa miaka 17, yuko Kidato cha 3, ambaye anaijua hisabati kama Alhamdu. Nilimwomba amwangalie kijana wangu, naye kwa wiki 6 sasa huja kila Jumatano na Jumamosi baada ya alasiri, na hukaa naye kwa muda wa saa moja na nusu kila mara. Katika jaribio la mwisho la shule kijana amepata 58, na hapo awali alikuwa na 31.

Tatizo ni malipo. Kila nikimwuliza anataka ngapi, binti huinama na kusema, "Chochote tu, mama." Mamake hataki hata kusikia habari hiyo, asema sisi ni ndugu na watoto ni wetu sote. Mume wangu aona shilingi 50 kwa saa zamtosha mtoto wa shule. Mwalimu mmoja wa sekondari niliyemwuliza alinitajia shilingi 700 kwa saa akija nyumbani, nami siwezi. Uwezo wangu ni shilingi 4,000 kwa mwezi, zikizidi naumia. Mpaka leo nimempa leso moja tu, na kila nikimwona akipita na vitabu vyake naingiwa na haya. Nifanyeje?

Mama wa Tudor

Waaleikumu salaam, mwanangu.

Haya unayoisikia usiifukuze, kwa sababu ni haya ya mtu anayejua kwamba ana deni. Binti amekaa na mwanao vikao 12, ambavyo ni saa 18, na kwamba hakudai hakufuti alichokifanya. Ninavyoisoma barua yako, ninyi watu wazima mmeoneana muhali: wewe waona vibaya kusukuma fedha mahali ambapo jirani amesema hazitakiwi, na jirani aona vibaya kuonekana anauza elimu kwa mtu wa ukuta mmoja. Binti naye ndiye mwenye muhali mzito kuliko wenu, kwani yeye ni mdogo na hawezi kumtajia bei mwanamke wa rika la mamake. Matokeo yake ni kwamba mdogo wenu ndiye anayebeba gharama za heshima yenu.

Kwa hiyo acha kumwuliza anataka ngapi. Wewe ni mfanyabiashara, na hujapata hata siku moja kumwachia mteja wa Kongowea aseme "nitakupa chochote" kisha ukamfungia nguo. Wajua kwamba "chochote" si bei, ni adabu tu. Mkubwa ndiye anayepaswa kuitaja, tena kabla ya kazi, na ikiwa kazi imekwisha kuanza, basi mapema iwezekanavyo. Kumbuka kisa cha Nabii Musa alipofika Madyan, akawanyweshea wanyama wale mabinti wawili bila kuomba kitu, kisha akaenda kukaa kivulini. Mzee wao hakusubiri aombe, bali alimtuma binti yake amwite ili apewe ujira wa kazi aliyoifanya. Kwako, mwenye kuita ni wewe.

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe, kwani hapo ndipo watu wengi hubahatisha. Tuanze na sakafu, yaani kiasi ambacho huwezi kushuka chini yake na dhamiri yako ikatulia. Hakuna sheria iliyopanga bei ya tuisheni ya kijana wa shule, lakini amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Ukizigawa kwa siku 26 za kazi, na kila siku kwa saa 8, utapata shilingi 77 na ushei kwa saa. Hicho ni kiwango cha kazi isiyohitaji ujuzi maalumu, tena cha mtu aliyehakikishiwa kazi ya mwezi mzima. Anayefanya kazi ya ujuzi kwa saa 3 tu katika wiki hawezi kulipwa chini yake.

Umuonyeshe mumeo hesabu hii kwa upole, kwa sababu naamini hakutaka kudhulumu, ila alifikiri juu ya umri wa binti badala ya kufikiri juu ya kazi. Shilingi 50 kwa saa ni shilingi 75 kwa kikao. Lakini kikao hakianzi binti anapovua viatu mlangoni kwako. Kuna muda anaoutumia nyumbani kwao kuchagua maswali, kuyafanya yeye mwenyewe kwanza na kusahihisha daftari la mwanao, na muda huo haupungui nusu saa ikiwa anafundisha vizuri, nawe umeniambia anafundisha vizuri. Basi hizo 75 ni za saa 2 kamili, ambayo ni shilingi 37 na nusu kwa saa, chini ya nusu ya sakafu tuliyoiona.

Dari nalo ni zile shilingi 700 za mwalimu. Mwalimu huyo amesomea ualimu, amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, ana nauli ya kuja na kurudi, na ameshawavusha wanafunzi wengi katika mitihani ya taifa, hivyo ana haki ya bei yake. Binti wa jirani hana hayo, na hatendewi vibaya kwa kutolipwa kama mwenye nayo. Alicho nacho ni kingine: amepita kwenye mada hizo juzi tu, anakumbuka mahali alipojikwaa yeye mwenyewe, na mwanao haogopi kumwambia "sijaelewa". Mtoto asiyeelewa kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo, ilhali 3 ni ndogo kuliko 4, pengine ameshaambiwa kanuni hiyo mara 20 darasani. Akikaa naye mtu aliyemzidi miaka michache, akazikata chapati mbili zinazolingana, moja vipande 3 na nyingine vipande 4, akamwambia achague kipande akiwa na njaa, jambo hilo humwingia kichwani na halitoki tena. Kutoka 31 hadi 58 kwa wiki 6 si kazi ya kulipwa kwa leso.

Bei ninayoiona kuwa ya haki ni shilingi 250 kwa saa. Kikao cha saa moja na nusu kitakuwa shilingi 375, na vikao 8 vya wiki 4 vitakuwa shilingi 3,000. Ukiingiza na ile nusu saa ya maandalizi, binti atakuwa anapata takriban shilingi 187 kwa kila saa ya kazi yake halisi, yaani zaidi ya mara mbili ya sakafu, na wewe utakuwa unalipa karibu theluthi moja tu ya bei ya mwalimu. Kama uwezo wako ungekuwa mdogo zaidi ya huo, ningekushauri upunguze vikao, si bei. Kikao kimoja kwa wiki kinacholipwa kwa haki ni bora kuliko viwili vya kunung'unikiwa kimoyomoyo.

Kuhusu wiki 6 zilizopita, nazo zilipwe kwa bei hiyo hiyo. Vikao 12 kwa shilingi 375 ni shilingi 4,500. Umesema mwisho wako ni shilingi 4,000 kwa mwezi, kwa hiyo baada ya kutoa 3,000 za mwezi unabakiwa na 1,000 za kupunguza deni, nalo litamalizika katika miezi 4 na nusu. Mwambie hivyo waziwazi, na uandike kwenye daftari. Leso usiikate humo, kwa kuwa zawadi ukishaitoa haiwezi tena kugeuzwa mshahara.

Ninalisisitiza hili kwa sababu limenipata. Nikiwa na umri kama wa binti huyu nilimfundisha mtoto wa nyumba moja kusoma na kuhesabu kwa muhula mzima, na siku ya mwisho nikapewa sahani ya mahamri iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe, nikaambiwa Mungu atanilipa. Mahamri yalikuwa matamu na nilikula na wadogo zangu. Lakini muhula ule nilihitaji viatu vya shule, na sikurudi tena katika nyumba ile hata nilipoitwa. Hawakujua kwamba wamenikosea, kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Mamake ndiye utakayeanza naye, kwani binti bado ni mtoto wa watu. Nenda kwake, usimwite kwako, na mkae binti akiwepo. Usimwombe ruhusa ya kulipa, maana kwa adabu yake atakataa. Mwambie hivi: "Dada yangu, ujirani wetu uko pale pale, nami siulipii. Mwanao ametoa jioni zake na akili yake kwa mwanangu, na hiyo ni haki yake yeye. Nimepanga kiasi fulani, na nikishindwa nitakwambia." Yeye anaweza kukusamehe kilicho chake, lakini jioni za binti yake si zake kuzitoa sadaka bila binti kuulizwa. Akisema kazi ya malipo si ya mtoto wa shule, mweleze kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu hata mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuilia masomo, sembuse wa miaka 17. Akitaka fedha zipitie kwake, usibishane naye, ila binti ajue ni ngapi na ni za siku zipi.

Yako mambo madogo ambayo yasiposemwa ndiyo huleta maneno baadaye. Mwanao asipokuwepo na binti hakuarifiwa siku moja kabla, lipa nusu ya kikao. Binti akiwa na mitihani yake, apumzike bila kuombwa radhi na mtu, kwani mwakani ana KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Jirani mwingine akitaka kumleta mwanawe katika kikao hicho hicho, binti aongezewe angalau shilingi 100 kwa saa kwa kila mtoto, na yeye ndiye wa kukubali au kukataa, si wewe. Bei muitazame upya kila muhula unapofunguliwa. Usimlipe kwa alama anazopata mwanao hata kidogo, kwa maana alama za mtihani hutegemea pia mtoto alivyoamka siku hiyo, na mwalimu anayelipwa kwa alama atamfundisha kukariri majibu. Masomo yafanyike barazani au sebuleni mlango ukiwa wazi, mtu mzima akiwa nyumbani, na yaishe kabla ya magharibi.

Jumamosi hii kikao kikimalizika, kabla hajafunga vitabu, mpe shilingi 375 za siku hiyo mkononi, zikiwa zimehesabiwa na chenji iko tayari, pamoja na 1,000 za kwanza za deni. Atainamisha kichwa na kusema hakukuwa na haja. Mwache aseme, kisha mfungulie daftari aandike mwenyewe alichopokea.