Magrupu ya wazazi waliofiwa na watoto: jibu kwa dada wa Mafinga

Dada pole sana, na mumeo mpe pole. Umeuliza kama haya magrupu ya WhatsApp ya wazazi waliofiwa na watoto yana msaada wowote, maana matanga yameisha na watu wote wameondoka. Mimi nilimzika binti yangu hapa Uyole akiwa darasa la tatu, kwa nilivyoona yanasaidia, ila sio yote.

Huku kwetu msiba una watu, majirani wanalala na wewe mkekani, wanapika, wanachanga, lakini matanga yakishaanuliwa kila mtu anarudi shambani kwake na wewe ndo kwanza unaanza kulia. Ukimtaja mtoto wanageuza maongezi, au unaambiwa utapata mwingine we bado kijana. Wanakupenda najua, lakini inauma jamani. Kule grupuni waliniuliza alikuwa anaitwa nani, alikuwa anapenda nini, nikaandika usiku mpaka chaji ikakata, na mama mmoja wa Tukuyu alikuwa macho muda huohuo ananijibu.

Na hii ya mfiwa kumshika mkono mfiwa mwenzie wengine wanayo siku nyingi, kule Coventry Uingereza kuna chama cha wazazi kilianza 1969 kinaitwa The Compassionate Friends, kila Jumapili ya pili ya Desemba saa 1 usiku, kila mtu kwa saa za kwao, wanawasha mishumaa kuwakumbuka watoto. Na sisi tunawasha.

Grupu la mamia ya watu msiojuana kaa nalo mbali, huko kuna wauza dawa, kuna wanaokuombea kwa kutumiwa hela, na wabaya kuliko wote ni wale wa kukwambia mtoto karogwa mtafute aliyemroga, hao wanavunja ukoo mzima. Admini awe mzazi aliyefiwa na awe anafuta upuuzi haraka. Siku ya kuzaliwa mtoto kama huwezi kusoma lizime tu. Mumeo naye muingize hata kama haandiki, wangu hajawahi kuandika neno ila anasoma kila kitu.

Ila ukianza kuwaza kujiua, au usingizi na chakula vimegoma kabisa, usiishie grupuni, mwambie mtu wa nyumbani akupeleke hospitali na useme wazi unataka mtu wa afya ya akili.

Ukitaka letu niambie, admini wetu anampigia mtu simu kwanza ndo anamuingiza kwahiyo namba ngeni ikikupigia pokea.