Barua kwa mwanangu: shingo upande si uvivu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mkuu wako huko Arusha ameandika kwenye ripoti kwamba kazi ya takwimu uliipokea "shingo upande", nawe unaniuliza kama amekuita mvivu. Hapana. Na ni vizuri uelewe alichosema kabla ya kumjibu.

Hapa Bukavu, huku kwetu Kongo, tungesema tu "bila moyo", labda ndiyo maana msemo huo umekukwaza. Mkumbuke mdogo wako ninapomtuma maji kwenye robine, bombani kama msemavyo huko, wakati wenzake wanacheza mpira. Hakatai. Anachukua bido, yaani dumu, anaondoka, miguu inaelekea robine, uso umegeukia mpira. Bido linarudi limejaa mpaka mdomoni. Mvivu angelileta nusu, au asingekwenda kabisa. Mdogo wako kazi ameifanya, ila kinywa ndicho kilichokubali, moyo bado unabisha.

Ndiyo maana msemo huu hupenda kufuatana na kukubali, kupokea, kutoa, kwenda. Utasikia "alitoa mchango shingo upande", au "wazazi waliridhia ndoa ile shingo upande". Haubadiliki hata watu wakiwa wengi, usije ukaandika "shingo zao upande". Tena unaeleza tendo, haumpi mtu tabia. Mzembe ni mzembe kila siku, lakini hata mwenye bidii kuliko wote anaweza kupokea jambo moja shingo upande. Wala usiuchanganye na vuguvugu, nayo ina mahali pake: ni ya maji yasiyo moto wala baridi, na kanisani utaisikia kwa imani iliyopoa. Mtu huweza kuwa vuguvugu peke yake bila kusukumwa na yeyote. Kwenye shingo upande, karibu kila mara yupo aliyeomba au aliyeamuru.

Hapo ndipo ninapokuonea uchungu. Uliniambia mwenyewe jinsi ulivyopenda kuzunguka kwa wakulima wa kahawa kule Meru. Wakakuhamishia ofisini, ukaitikia "ndiyo" kwa sababu mkataba ulikuwa unakaribia kwisha. Mkuu wako ameiona ile ndiyo ilivyotoka. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, na mimi naliamini neno hilo kabisa, maana nimekuona ukirudi kutoka mashambani umechoka, viatu vimejaa tope, na bado unataka kusimulia.

Kwa hiyo usiandike barua ya kujitetea. Mwombe muda, ukae naye, umwambie kwamba takwimu utazikamilisha kama ulivyoahidi, ila unaomba hata siku mbili kwa wiki uende kwa wakulima. Zungumza naye kwa Kiswahili hichohicho alichoandikia, usikimbilie Kifaransa. Kisha nipigie jioni uniambie amejibu nini.

Baba yako anakusalimu sana. Sambaza, samaki wetu wadogo wa Ziwa Kivu, nimeshazikausha, namtafuta tu mtu wa kukuletea.

Ni mimi mama yako,
Bukavu