Mwalimu ndiye wa kusogea

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama ni sawa kamati ya sinagogi yenu kumtunuku mwalimu wa shule ya Jumapili kwa kuwapokea watoto wote, wakati ndiyo kazi aliyoajiriwa. Kila nikilifikiria namwona kaka yako.

Unamkumbuka yule mwalimu wa kwanza. Alituambia mimi na baba yako, kwa upole kabisa, kwamba mtoto akae tu na wenzake apake rangi, maana Mungu hamdai kiziwi kitu. Alikuwa na pa kushikia: Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inamweka kiziwi asiyesema fungu moja na mwendawazimu na mtoto mdogo. Ule upole unaniuma hadi leo. Angefoka ningejua la kumjibu.

Wa pili hakusema kitu. Jumapili iliyofuata tulikuta amegeuza viti, yeye anaelekea dirishani mwanga umpige usoni, na akaacha kabisa kuzungumza huku akiandika ubaoni. Usiku alikuwa akijifunza lugha ya ishara. Mwalimu ndiye wa kusogea, si mtoto. Nimelisema hilo mpaka mkachoka.

Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi wa kale juu ya Mishna hiyo, inamtaja Rabi Perida, aliyemrudilia mwanafunzi mmoja kila somo mara 400. Siku moja kijana hakushika, akamrudilia 400 nyingine. Sauti ya mbinguni ikamwambia achague: aongezewe miaka 400, au yeye na watu wa kizazi chake wapate ulimwengu ujao. Akachagua la pili, Mungu akampa yote mawili. Na yeye alikuwa kazini tu!

Kaka yako alipotimiza miaka 13 akaitwa mbele kubariki usomaji wa Torati, alisema baraka kwa mikono, baba yako akizitamka pembeni. Marabi wa Conservative, moja ya madhehebu ya Kiyahudi, huku Marekani walikuja kupitisha mwaka 2011 kwamba kiziwi anayetumia ishara anafungwa na amri kama wengine, na anahesabiwa katika wale watu kumi wanaotakiwa ili sala ya pamoja ifanyike. Mwalimu wetu hakuwangoja. Bibi yako, aliyetoka Mombasa na hajui neno la Kiebrania, alinishika mkono akaninong'oneza, "Huyu nimemwelewa."

Basi atunukiwe? Naogopa tuzo itaifanya haki ya mtoto ionekane hisani. Lakini tukinyamaza, yule wa kwanza na huyu wa pili wanakuwa sawa, na hawakuwa sawa hata kidogo. Kura ni yako, sikupangii, japo umeshanisikia. Mkiamua kumpa, mtafuteni mkalimani wa ishara mapema, asimame mbele penye mwanga. Kaka yako amesema atakuja.

Mama yako