Maswali ya wasomaji: Siku tano kwenye Canal du Midi, inawezekana?

SWALI: Kaka mhariri habari za kazi. Mimi na mume wangu tumejichanga muda mrefu tukauone ule mfereji wa kusini mwa Ufaransa, Canal du Midi, na watoto wetu wawili, mmoja ana 9 mwingine 12. Siku tulizonazo ni tano tu. Mume anataka tukodi boti tuanzie Toulouse tutoboe mpaka baharini, mi naona kama ndoto vile, na isitoshe hakuna kati yetu aliyewahi kuendesha boti wala hatuna leseni. Tusaidie kabla hajalipa. – Mama Wawili

JIBU: Dada, mwambie shemeji aweke simu chini kwanza. Kutoka Toulouse hadi Thau, ziwa la maji ya chumvi, ambako mfereji unaishia jirani na bahari, ni kilomita 240. Boti hairuhusiwi kuzidi kilomita 8 kwa saa na kiuhalisia mtakuwa mnaenda 6 hivi, hapo tayari ni masaa 40 ya injini tupu. Ongeza loki, na njia nzima zipo zaidi ya 60. Loki kama hujawahi kuiona ni chemba ya mawe yenye milango mbele na nyuma, unaingiza boti, mlango unafungwa, maji yanajazwa au yanapunguzwa mpaka mfike usawa wa upande wa pili. Hata zikiwachukua robo saa kila moja, na mkikuta foleni ni zaidi, siku zenu tano zinaisha mko kwenye usukani hamjashuka hata kula. Na usiku hampiti, loki zinafungwa jioni, na nyingi wanafunga tena mchana watu wakale.

Kuhusu leseni ondoa wasiwasi. Boti za kukodi pale huhitaji leseni, kampuni inawapa maelekezo, mnazunguka kidogo na mtu wao, basi mnaachiwa. Mtagonga ukingo siku ya kwanza, kila mtu anagonga, ndo maana boti zenyewe zimezungushiwa mipira.

Sasa ushauri wangu, na hapa sibadilishi mawazo: chukueni kipande cha Argens-Minervois hadi Béziers, mengine yote achaneni nayo safari hii. Kuna kilomita kama 54 pale hakuna loki hata moja, kwa sababu wajenzi waliufanya mfereji ufuate usawa wa vilima, unapinda huku unapinda kule badala ya kupanda na kushuka. Kwa watu wanaojifunza na wenye watoto hakuna darasa zuri kama hilo. Mnaendesha masaa mawili matatu asubuhi, mnasimama kijijini, jioni mnasogea tena kidogo.

Njiani baada ya kijiji cha Paraza mtavuka daraja la Répudre, yaani boti inapita juu ya daraja na mto uko chini, limejengwa 1676, watoto watapiga kelele. Mbele kuna Le Somail, kijiji kidogo chenye daraja la mawe lenye nundu, laleni hapo usiku mmoja msiwe na haraka. Capestang kuna daraja la chini sana, kunjeni turubai la juu na kila mtu ainamishe kichwa, sitanii. Halafu mnafika Malpas, handaki la mita kama 165 walilolitoboa kilimani mwaka 1679, la kwanza Ulaya kuchimbwa ili boti zipite. Kilima kilikuwa cha mawe laini yanayomomonyoka na wakubwa walishaanza kusema mradi umekwama, Pierre-Paul Riquet, mwenye mradi, akachimba hivyo hivyo. Huyu Riquet hakuwa hata injinia, alikuwa mkusanyaji wa kodi ya chumvi, mfalme Louis XIV akamkubalia mradi 1666, akaweka mpaka hela zake mwenyewe, akafa 1680 miezi michache tu kabla mfereji haujafunguliwa 1681. Inauma kwa kweli. Mkishafika Malpas fungeni boti mpande kilimani kwa miguu, juu kule mtaona ziwa la zamani la Montady lililokaushwa karne ya 13, mashamba yamekatwa kama vipande vya keki na mitaro yote inakimbilia katikati.

Mwisho wa kipande ndo Fonserannes, ngazi ya loki inayoteremka kuingia Béziers. Siku hizi boti zinapita chemba sita mfululizo, mteremko wa mita 21 na kidogo. Boti haziendi pande zote kwa wakati mmoja, kuna masaa ya kushuka na masaa ya kupanda, kwa hiyo ulizeni ratiba siku moja kabla. Mngefika mapema mkasimama ukingoni mkaangalia wenzenu kwanza mtajifunza mengi. Mtaona chemba zina kuta zilizopinda kwa nje, Riquet alianza na kuta zilizonyooka ikabomoka akaona bora mviringo. Na jambo moja la kushika kuliko yote: mkiwa mnashuka USIFUNGE FUNDO. Kamba mnaizungusha kwenye nguzo ya ukingoni, mtu anashika ncha mkononi na kuiachia taratibu maji yanavyopungua. Ukifunga fundo maji yanaondoka boti inabaki inaning'inia kwenye kamba. Huyo wa miaka 12 kazi hiyo anaiweza akisimamiwa, wa 9 avae jaketi la kuokolea akae mbali na ukingo. Na kuogelea mferejini ni marufuku, waambie mapema maana joto litawashawishi.

Kabla ya kulipa ulizeni kama wanakodisha kwa siku chache, maana msimu ukichanganya kampuni nyingi zinataka wiki nzima, na kuacha boti kituo kingine mara nyingi kuna nyongeza. Mei, Juni au Septemba ndo naona sawa. Majira ya baridi mfereji unafungwa kwa matengenezo, msije mkakata tiketi za Januari kisa ni rahisi.

SWALI: Nasikia ile miti mirefu ya pembeni imekatwa yote, sasa si hakuna cha kuona? – Msomaji mpya

JIBU: Siyo yote. Ilikuwa kama 42,000, ugonjwa wa fangasi ukagundulika 2006 na hauna tiba, mti ukiugua unakatwa na majirani zake wanakatwa pia. Kuna sehemu jua litakuchoma kweli, sehemu nyingine kivuli bado kipo, na wanapanda aina nyingine za miti. Wewe usifunge boti kwenye mti tu, kamba inachubua gome na ugonjwa unapenya hapo. Boti inakuja na vigingi na nyundo, tumia hivyo.

SWALI: Boti ghali, baiskeli je? – Kijana wa gia

JIBU: Baiskeli safi kabisa. Kutoka Toulouse kilomita kama 50 za kwanza ni lami, mtu yeyote anaenda. Baada ya hapo sehemu kubwa ni njia ya zamani ya farasi wa kuvuta mashua, kokoto na mizizi, mvua ikinyesha tope, kwa hiyo tairi nyembamba acha nyumbani. Reli nayo inafuatana na mfereji, Castelnaudary, Carcassonne, Narbonne, Béziers, Agde zote zina stesheni, ukichoka unapanda treni na baiskeli yako, ila angalia kwanza kama hiyo treni inapokea baiskeli bila kubuku.